Wakili wa Waliopata Barua: Maisha ya Hezekiah Shikanga, 1960–2025

Marehemu Hezekiah Shikanga alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1960, katika boma hili hili la Khayega ambamo leo watu wamekusanyika kumsindikiza. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Patroba Shikanga, fundi wa mbao, na marehemu Mama Selina Musimbi. Watoto walizaliwa wanne, Mungu akawachukua wawili wangali wachanga, wakabaki Hezekiah na mdogo wake Pascalia, waliopishana miaka kumi. Baba alikuwa wa kanisa la Marafiki na mama alikuwa Mkatoliki, wakapatana hivi: baba ampe wa kwanza jina kutoka kwenye Biblia yake, na mama ampe atakayefuata jina kutoka kwa watakatifu wake. Ubatizo wote ulikwenda kwa mama. Mzee alikuwa akisema yeye alishinda jina, mama akashinda mtoto.

Kuna jambo moja la utoto wake ambalo Mama Musimbi alilisimulia hadi uzeeni. Sukari iliisha kwenye kopo bila mtu kujua imekwenda wapi, na mama akawapanga watoto wote wa boma mstari, Hezekiah na binamu zake, awachape mmoja mmoja. Hezekiah alikuwa na miaka minane. Alipofikiwa akasema, "Mama, uliza kwanza."

"Nikianza kuuliza kila mtu, chakula nitapika saa ngapi?"

"Niulize mimi peke yangu."

"Haya. Nani alikula sukari?"

"Ni mimi."

Alichapwa, wenzake wakaachiliwa. Mama alisema hajapata kuona mtoto anayeomba aulizwe na huku anajua jibu litamponza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1967, mwendo wa nusu saa kutoka hapa, na mwaka 1973 akafanya mtihani wa darasa la saba akaongoza shule nzima. Kidato cha sita alikimaliza mwaka 1979, na mwaka uliofuata akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea sheria. Boma lilifurahi. Watu walisema sasa wamepata mtu wa kuwapigania mipaka ya mashamba.

Agosti 1982, baada ya lile jaribio la mapinduzi, chuo kilifungwa na wanafunzi wakarudishwa makwao. Kila mmoja alitakiwa kufika kwa chifu wake kila wiki na kuweka sahihi kwenye kitabu. Hezekiah alikwenda wiki ya kwanza, ya pili, na ya tatu akauliza, "Mzee, naomba kujua. Mimi nimekosa nini?"

Chifu alikuwa mtu mpole aliyesoma na baba yake. Alimtazama, akasukuma kitabu mbele. "Kijana, mimi sikuwauliza walioniandikia. Na wewe usiniulize mimi. Weka sahihi uende ukamsaidie mama yako kupalilia."

Aliweka sahihi wiki baada ya wiki kwa zaidi ya mwaka mmoja. Pascalia alikuwa darasa la sita, naye alikuwa akimsindikiza hadi langoni kwa chifu na kumngoja pale. Siku moja njiani kurudi Hezekiah alisema, "Pascalia, si kuweka sahihi kunakoniuma. Ni vile hakuna mtu amewahi kukaa chini akanitazama akasema, wewe Hezekiah, ulifanya hivi na hivi." Chuo kilipofunguliwa alirudi, akahitimu mwaka 1985, na mwaka 1987 akaapishwa kuwa wakili wa Mahakama Kuu.

Alifanya kazi Nairobi miaka minne na ushee. Januari 1992 alirudi Kakamega, akafungua ofisi ya vyumba viwili ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na siku ya pili akamwajiri Titus kuwa karani wake. Titus yuko hapa. Hakuwahi kufanya kazi kwa mtu mwingine tangu siku ile.

Waliofikiri atawapigania mashamba walikata tamaa upesi. Wenye kesi za mipaka aliwaelekeza kwa wenzake, na wenye wezi wa mifugo pia. Yeye alikuwa wakili wa watu walioandikiwa barua na ofisi ya serikali: mwalimu aliyefutwa kazi, mwanafunzi aliyefukuzwa chuoni, mwenye kichinjio aliyenyang'anywa leseni. Mawakili huiita sheria ya utawala. Pascalia hakuielewa, akamwomba amwelezee kama mtu anayemwelezea mtoto. "Serikali inaweza kukuamulia mambo mengi," alimwambia. "Lakini kabla haijaamua, ikuite. Ikuambie kosa lako. Ikusikilize. Na huyo anayekusikiliza asiwe ameshaamua moyoni mwake. Basi. Mimi nakula kwa hayo maneno manne."

Sheria hiyo ina mlango mwembamba. Mtu akitaka mahakama ifute uamuzi wa ofisi, ana miezi sita tangu ulipotolewa. Ikipita, mlango umefungwa, hata kama alionewa namna gani. Kwa sababu hiyo Hezekiah alikuwa na tabia ya kuuliza tarehe kabla ya jambo lingine lolote, hata kabla mtu hajakaa. Siku moja shangazi yake alipanda zile ngazi kwa taabu, ana jogoo kwapani.

"Mulembe, mwana wa ndugu yangu."

"Mulembe, senge. Barua ulipata lini?"

"Barua gani? Mimi nimekuletea ingokho."

Titus alitoka nje akacheka mpaka akashika ukuta.

Mwaka 1998 alikuja kwake muuguzi mmoja, Mama Jepchirchir, aliyefutwa kazi kwa barua ya mistari minne. Barua ilisema kamati imekaa na imeridhika kwamba aliuza dawa za zahanati.

"Wakili, naapa mbele ya Mungu sikuuza dawa."

"Hilo sijakuuliza, mama. Walikuita?"

"Kwani wewe hutaki kujua ukweli?"

"Ukweli watautafuta wao. Mimi nataka kujua kama kwenye kile chumba kulikuwa na mahali pako pa kukaa."

Hapakuwapo. Mahakama ikaufuta uamuzi, kamati ikaanza upya, na Mama Jepchirchir akaingia na daftari lake la dawa. Ilionekana kwamba dawa zote zilikuwa zimeandikwa, ila kwenye ukurasa uliofuata, ambao hakuna aliyeufungua. Amestaafu vizuri, na leo amesafiri kutoka mbali kuja kumuaga.

Si wote walioondoka na furaha. Wanjala wa kichinjio alishinda kesi mwaka 2009, leseni yake ikarudishwa, halafu ofisi ikamwita kwa taratibu zote, ikamsikiliza siku nzima, na ikamnyang'anya tena. Alipanda ngazi akiwa amekunja uso.

"Wakili, kwani tulishinda nini?"

"Ulishinda kuitwa."

"Kuitwa hakuliwi."

"Najua, Wanjala."

Kwa hiyo ushindi wake haukuchinjiwa ng'ombe. Wengi walirudi makazini wakasahau njia ya ile ghorofa, naye hakuwalaumu. Alisema aliyeponywa haishi hospitalini.

Mwezi Machi 1992 alikuja ofisini msichana kutoka Ekero, karani wa mizani ya miwa, na barua ya baba yake. Barabara ilikuwa inataka kupita katikati ya shamba lao la miwa, na mzee hakuulizwa. Hezekiah akauliza kama kawaida, "Barua ilifika lini?" Msichana akajibu, "Kwanza niambie leo ni tarehe ngapi. Hizi ngazi zako zimenisahaulisha." Titus anasema ndiyo mara ya kwanza alimsikia wakili akicheka ofisini. Barabara ilipindishwa. Msichana huyo ni Immaculate Naliaka, na walifunga ndoa kanisani Jumamosi tarehe 12 Desemba 1992, Sikukuu ya Jamhuri.

Walijenga Shirere, pale pale Kakamega. Tarehe 2 Februari 1995 Mungu akawapa binti, Mitchel. Miaka hiyo nyumba ile ilikuwa na kelele njema. Mama Mitchel ni mtu wa maneno na wa kucheka, na mumewe alipoanza kumhoji mtoto mezani juu ya maziwa yaliyomwagika, alikuwa akimwambia, "Baba Mitchel, jaji ameenda nyumbani. Kula."

Yanayofuata yanasomwa kwa idhini ya Mama Mitchel, na kwa agizo la marehemu mwenyewe, alilolitoa mbele ya Titus na Pascalia tarehe 2 Agosti mwaka huu. Alisema mambo haya yalisemwa vibaya mbele ya watu katika boma hili, na yarekebishwe mbele ya watu katika boma hili. Mama Mitchel alipoulizwa alisema, "Someni. Lakini msisome kama kesi."

Tarehe 19 Aprili 2001 Mama Musimbi alifariki. Wakati huo Mama Mitchel alikuwa Ekero kwa wiki tatu akimwuguza baba yake. Alipelekewa habari, na hakuja. Siku za matanga zikapita, na Jumamosi tarehe 28 mama akazikwa bila mkamwana wake kuonekana. Alifika Jumanne tarehe 1 Mei, udongo umeshaanza kukauka. Mama mmoja wa ukoo, ambaye naye ameshatangulia, alimpokea pale mlangoni pa jikoni akamwambia, "Umekuja kula mifupa ya matanga?" Yeye aliweka mkoba chini, akaanza kuosha sufuria. Hezekiah alikuwa akilala nje kando ya moto na wanaume, kama desturi ilivyo. Hakumwuliza kitu. Wazee walimwambia kwamba mke asiyemzika mama yako amekuonyesha anavyokuona.

Wakarudi Shirere. Mwezi mzima walipishana ndani ya nyumba kama wapangaji.

Mtu mwingine angegombana na mkewe jikoni, yakaisha. Hezekiah alifanya kile alichokijua. Jumatatu tarehe 4 Juni 2001 alimwandikia mkewe barua ya kumtaka ajieleze. Iliorodhesha makosa matatu. Ilimpa siku kumi na nne. Ilimwambia ana haki ya kujibu kwa maandishi au kwa mdomo, na ya kuja na mtu yeyote atakayemchagua. Titus aliipiga chapa, akaiandika kwenye daftari la barua zinazotoka, na jioni akaipeleka Shirere.

"Mama Mitchel, nimetumwa. Weka sahihi hapa kwamba umepokea."

Aliisoma yote akiwa amesimama, mwiko mkononi. "Titus, huyu mume wangu yuko chumba cha pili. Kikohozi chake nakisikia."

"Ndiyo, mama."

"Na kwa nini asije yeye?"

"Ni utaratibu, mama."

Aliweka sahihi. Titus anasema amebeba barua maisha yake yote, lakini ile hajaitua mpaka leo.

Jumapili tarehe 17 Juni, baada ya Misa, Mama Mitchel alimshika mtoto mkono wakaenda Ekero. Kesho yake, siku ya kumi na nne, Hezekiah hakwenda kazini. Pascalia alikuwa amepita kuleta mboga, akamkuta sebuleni amevaa suti. Alikuwa amepanga viti vitatu: kimoja cha mkewe, kimoja cha mtu atakayekuja naye, na kimoja chake.

"Kaka, ameenda. Majirani wamemwona na mtoto na mkoba."

"Siku haijaisha."

Alikaa pale mpaka kukawa giza, na Pascalia akakaa jikoni, kwa sababu hakujua kama anaruhusiwa kukaa kwenye kimojawapo.

Jumapili iliyofuata alikuja hapa akawaambia wazee, "Alipewa nafasi, hakujibu." Wazee wakasema basi, limekwisha, na tangu siku hiyo jina la Immaculate halikutajwa katika boma hili. Hezekiah alingoja miezi sita. Tarehe 18 Desemba alimwambia Pascalia, "Muda umepita," akaifunga faili na kuiweka kabatini pamoja na zile nyingine.

Aliishi Shirere peke yake miaka ishirini na mitatu. Mwanzoni mtaa ulikuwa na mashamba ya mahindi, halafu wakaja wenye kujenga vyumba vya wanafunzi, mpaka nyumba yake ikazungukwa na madirisha na muziki pande zote. Alijipikia obusuma, ugali wa kutosha ngumi moja. Vijana walikuwa wakimwona kwenye dirisha la jikoni, na jioni moja mmoja wao akamwita juu ya ua: "Mzae, mbona unakulanga solo? Si ukam tukule na sisi, kuna matumbo." Alikwenda. Walimkalisha kwenye mtungi uliopinduliwa, wakamsimulia mambo ya mpira na ya wasichana, akacheka. Kesho yake walimwita tena, akasema ana faili. Walimwita siku nyingi, mpaka wale wakamaliza chuo, na waliowafuata hawakujua kwamba kuna mtu wa kuitwa.

Mitchel alikuwa akija likizo za Agosti. Baba alimpenda sana, na hakujua la kufanya na hayo mapenzi isipokuwa kuuliza maswali. Masomo yanaendaje? Nani anafundisha hesabu? Mnakula nini? Mtoto alijibu moja baada ya jingine, mikono mapajani. Alipofika kidato cha pili alimwambia shangazi yake, "Kwa Baba mimi huwa nafanya mtihani wa mdomo." Pascalia alicheka, halafu akaenda kulia kanisani. Baba hakumwuliza hata mara moja habari za mama yake, na mtoto hakusema.

Kanisani alikaa benchi la nyuma karibu na mlango. Kazi aliifanya vizuri kuliko zamani. Mawakili vijana walitoka hata Bungoma na Kisumu kuja kumsikiliza akihoji mbele ya jaji, na alipomaliza walimpa mkono wakaondoka kwenda kula pamoja.

Mwishoni mwa mwaka 2023 chakula kilianza kumkwama. Alidhani ni baridi. Machi 2024 madaktari wa Eldoret walisema ni saratani ya umio, na akaanza matibabu ya mionzi. Pascalia aliacha boma lake mikononi mwa Mungu akahamia Shirere kumtunza. Siku ya kwanza alisikia mazungumzo sebuleni akafikiri kuna mgeni, akachukua kikombe cha pili. Alimkuta yuko na redio. Mtangazaji alikuwa anasema maafisa fulani wamefutwa kazi, na Hezekiah alikuwa akimwuliza, "Lakini waliitwa?"

Mara tatu Pascalia alimwuliza kama ampigie simu Mama Mitchel. Mara mbili alijibu, "Muda umepita." Mara ya tatu ilikuwa mwezi Juni mwaka huu, sauti yake imeshakuwa ya kukwaruza, na Pascalia hakungoja jibu lile lile. "Kaka, mimi niliishia darasa la saba. Hiyo miezi sita ni ya korti. Huyu ni mke wako. Hata padri akija kukupaka mafuta hatakuuliza tarehe."

Hezekiah alilifikiria siku mbili. Siku ya tatu akaomba kalamu na karatasi.

"Kama ni barua, mimi sitaibeba," Pascalia akasema.

Titus alikuwa amesimama mlangoni na maziwa. "Hata mimi, Wakili," akasema. Katika miaka thelathini na mitatu alikuwa hajawahi kumkatalia jambo.

Hezekiah aliiweka kalamu chini, akaomba simu. Pascalia alimshikia karibu na mdomo.

"Mama Mitchel, ni mimi. Naomba nije Ekero."

"Utakujaje, na Mitchel ananiambia unatembea kwa kushika ukuta?"

"Titus ataendesha."

Halafu Mama Mitchel akasema, "Njoo na mto wa kukalia. Viti vya hapa ni vya mbao tupu."

Walikwenda Jumatano tarehe 9 Julai. Mama Mitchel aliwakaribisha uani kwa baba yake, miwa imesimama pande zote mbili, akaweka chai ambayo mgeni hakuweza kuinywa. Aliongea kuanzia saa nne hadi karibu saa nane. Maneno hayakuwa mengi hivyo. Yalikuwa na vituo.

Alisema kwamba Aprili ile alikuwa na mimba ya miezi minne. Alikuwa amemficha mumewe kwa kuwa alitaka kumwambia akirudi, uso kwa uso. Tarehe 16 iliharibika, pale Ekero. Siku tatu baadaye ndipo ikaja habari ya kifo cha mama mkwe. Hakuweza hata kusimama, na wazee wa kike wa kwao walimwambia mwanamke aliye katika hali hiyo hakaribii kaburi mpaka siku zake ziishe. "Habari kama ile hutumi mtu," alisema. "Nilisema nitakwambia mwenyewe. Nikaja. Ulilala nje na wanaume, nikasema sawa, ni matanga. Nikasema ataniuliza tukifika Shirere. Nilingoja uniulize, Baba Mitchel. Ukaniletea Titus."

Mara moja hapo katikati Hezekiah aliinua kidole, kama alivyozoea kortini anapotaka kusema neno. Alikitazama, akakishusha.

Mama Mitchel akamaliza. Ndipo Hezekiah akasema, na Pascalia alilazimika kuinama ili asikie, "Uamuzi nilikuwa nimeshaufanya kabla ya kuandika ile barua."

"Nilijua," Mama Mitchel akasema. "Ndiyo maana sikujibu. Ningekuja mbele yako nifanye nini?"

Titus aliondoka akaenda kuangalia gari ambalo halikuwa na shida. Baadaye Hezekiah aliuliza mtoto alilazwa wapi. Mama Mitchel akamwinua, wakaenda polepole nyuma ya ghala, mkono wake juu ya bega la mkewe, na wengine hawakuwafuata.

Hawakurudi kuwa vijana. Mama Mitchel alibaki Ekero na baba yake mzee, lakini kila Alhamisi alipanda gari akaja Kakamega, kwanza nyumbani Shirere, na tangu tarehe 20 Agosti wodini. Hakuleta chakula kwa kuwa hakikuweza kupita. Alileta habari: nani kaoa, trekta ya nani imezama matopeni, mjukuu wao Oliver amesema nini. Hezekiah alifumba macho akasikiliza, na mkewe akinyamaza alimgusa kiganja aendelee. Zilikuwa Alhamisi tisa.

Alifariki Jumanne tarehe 16 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Alikuwa amekwisha kupakwa mafuta matakatifu. Pascalia alikuwa ametoka kusuuza chupa ya chai, na aliporudi alikuta ameshakwenda. Amemwuliza Mungu kwa nini hata dakika hizo zilikuwa za upweke, na bado anaendelea kumwuliza.

Jumapili iliyopita, tarehe 21 Septemba, wazee wa ukoo walikaa kupanga mazishi, na swali likawa Immaculate atakaa wapi siku ya leo, au hatakaa. Pascalia aliomba wasiamue kabla hajafika. Wakakubali, Titus akaenda kumchukua. Mzee Osiako, mwenyekiti wa ukoo, ambaye pia alikuwapo mwaka 2001, alimwuliza, "Mama, siku zile kwa nini hukusema?"

"Mzee, hukuniuliza."

Mzee Osiako alivua kofia akaishika magotini. "Basi leo nakuuliza," akasema.

Akasema yote. Kwa hiyo isikike wazi kwa walio karibu na walio barabarani: Immaculate Naliaka hakumdharau Mama Musimbi. Alikuwa Ekero, anamzika wa kwake.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake, Mzee Patroba na Mama Selina. Ndugu zake wawili waliokufa wachanga. Na mtoto wake mmoja, aliyelala Ekero tangu Aprili 2001, ambaye hakufikia kupewa jina.

Ameacha mjane wake, Immaculate Naliaka, aliyeketi leo kando ya jeneza, mahali pa mke. Binti yake Mitchel, mfamasia wa Kitale. Mjukuu wake Oliver. Mdogo wake Pascalia. Na Titus, ambaye aliitwa karani lakini alikuwa ndugu.

Bwana umpokee Hezekiah katika pumziko lako, na huko usimwache akae peke yake.